Krosova kwa Namba: Mwongozo wa Kujaribu Vichujio vya Dijitali kwenye Spika za Nyumbani

Ukifungua boksi la spika ya nyumbani yenye wufa na twita, utakuta ndani kibao kidogo kilichobeba koili moja au mbili za shaba, kapasita kadhaa na pengine resista. Hiyo ndiyo krosova. Inapokea muziki wote kutoka kwenye amplifaya, inaipa wufa besi na sauti za kati, na inaipa twita sauti za juu. Ikigawa vibaya, hata wufa na twita za bei kubwa hazipatani. Ikigawa vizuri, spika za kawaida tu zinaweza kukuweka kitini albamu nzima.

Zamani kujaribu krosova ilikuwa kazi ya mwenye fedha na subira, maana kila wazo jipya lilidai koili nyingine na kapasita nyingine. Siku hizi kompyuta inaifanya kazi hiyo kwa namba, na namba hazina gharama. Lakini hapo hapo pana mtego. Jaribio lisilo na gharama huzaa majaribio mengine kumi, na usiku ukiingia hujui tena ni badiliko lipi lililosaidia na lipi lililoharibu. Kwa hiyo utakachohitaji kuliko kifaa chochote ni utaratibu: pima, badilisha kitu kimoja, pima tena, halafu sikiliza.

Kwa nini dijitali

Krosova ya kawaida hukaa kati ya amplifaya na spika, kwa hiyo inategemea ukinzani wa spika yenyewe. Vitabu vinatoa hesabu nyepesi. Kwa twita ya omu 8 inayoanzia hezi 3,000, mteremko wa desibeli 6 kwa oktavu unahitaji kapasita ya mikrofaradi 6.6, na kwa wufa ya omu 8 unahitaji koili ya milihenri 0.42. Hesabu hiyo ni sahihi kama spika ni resista ya omu 8, na spika si resista. Ukinzani wa wufa hupanda juu sana kwenye masafa ya mtetemo wake wa asili, hushuka, kisha hupanda tena kadiri masafa yanavyoongezeka kwa sababu ya koili ya sauti iliyo ndani yake. Ndiyo maana krosova iliyonunuliwa tayari mara nyingi haigawi pale ilipoandikiwa.

Kichujio cha dijitali hukaa kabla ya amplifaya. Wufa inapata amplifaya yake, twita inapata yake, na ukinzani haubadilishi tena kazi ya kichujio. Tena kinaweza jambo ambalo koili na kapasita hulifanya kwa shida sana: kuichelewesha spika moja kwa mikrosekunde chache ili iende sawa na mwenzake.

Vifaa vya kuanzia

Anza na boksi moja. Spika moja ya njia mbili inahitaji amplifaya mbili, na amplifaya yoyote ya stereo tayari inazo mbili: upande wa kushoto uendeshe wufa, wa kulia uendeshe twita, na muziki uchezwe kwa mono. Ukiridhika, ndipo ununue vifaa vya boksi la pili. Unahitaji:

- Kompyuta na programu ya vichujio. Kwenye Windows kuna Equalizer APO. Kwenye Linux, hata kwenye Raspberry Pi, kuna CamillaDSP. Zote ni za bure. Asiyetaka kompyuta anaweza kutumia kifaa kama miniDSP 2x4 HD, chenye njia 2 za kuingiza na 4 za kutoa.
- Kadi ya sauti. Njia mbili za kutoa zinatosha kwa boksi moja. Stereo kamili itadai nne.
- Maikrofoni ya vipimo yenye faili lake la urekebishaji, kama UMIK-1. Maikrofoni ya simu iliundwa kwa ajili ya mazungumzo, usiitegemee hapa.
- Programu ya kupima. Room EQ Wizard, maarufu kama REW, iliyoandikwa na John Mulcahy, ni ya bure na inatosha kabisa.
- Multimita, nyaya, na kapasita moja ya kulinda twita.

Kabla ya kung'oa krosova ya zamani, ipige picha na uweke alama kwenye kila waya. Usiitupe. Ndiyo kipimo utakacholinganisha nacho kazi yako.

Linda twita kwanza

Twita iliyounganishwa moja kwa moja na amplifaya haina mlinzi. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta inaweza kuwaka bila kupakia vichujio. Mlio wa ujumbe unaweza kutoka kwa nguvu zote. Amplifaya inaweza kutoa mshindo inapowashwa. Lolote kati ya hayo linaweza kuunguza koili ya twita kwa kufumba na kufumbua.

Kwa hiyo unga kapasita kwa mfululizo kwenye waya wa chanya wa twita. Kwa twita ya omu 8, mikrofaradi 33 huanza kukata kwenye hezi 600 hivi, mbali chini ya eneo lako la kazi, na huzuia besi na umeme wa moja kwa moja. Chagua kapasita isiyo na upande wa chanya na hasi, ya volti 100 au zaidi. Ukishaiweka usiitoe: pima nayo, ili athari yake ndogo iingie kwenye hesabu zako.

Kisha fuata mpangilio huu kila siku ya kazi. Zima milio yote ya kompyuta. Punguza sauti hadi chini kabisa. Washa kompyuta na vichujio kwanza, amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, amplifaya itangulie. Kabla ya kuunga twita, cheza besi peke yake na uthibitishe kwa multimita, au kwa spika ya bei rahisi, kwamba njia ya twita iko kimya.

Pima kabla ya kuchuja

Chumba hujibu kila mlio kwa kuurudisha kutoka sakafuni, ukutani na darini. Unataka sauti ya spika kabla majibu hayo hayajafika. Uani ni mahali pazuri kuliko sebuleni. Weka boksi juu ya meza au stuli ndefu ili spika ziwe mita 1.5 kutoka ardhini, na maikrofoni iwe mita 1 mbele, kwenye kimo cha twita. Sauti inayogonga ardhi na kurudi itasafiri mita 2.2 zaidi ya ile ya moja kwa moja, hivyo itachelewa kwa milisekunde 6.3. Ndani ya REW funga dirisha la muda kabla ya hapo, na utakuwa na picha ya kuaminika kuanzia hezi 160 kwenda juu. Chagua saa isiyo na upepo.

Kwa besi tumia njia nyingine: sogeza maikrofoni hadi karibu sentimita 1 kutoka katikati ya koni ya wufa. Hapo sauti ya spika ni kubwa kiasi kwamba chumba hakisikiki. Kama boksi lina tundu la hewa, lipime nalo kivyake.

Pima wufa peke yake, kisha twita peke yake, bila kugusa maikrofoni wala kitasa cha sauti. Kisha izungushe spika kwa nyuzi 15, 30, 45 na 60, upime kila pembe. Usiruke hatua hii. Utafiti wa Floyd Toole, kwanza kwenye Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada na baadaye pamoja na Sean Olive kwenye kampuni ya Harman, ulionyesha kuwa wasikilizaji wasiojua ni spika ipi inayocheza hupendelea ile yenye mstari ulionyooka mbele na inayopungua taratibu, bila mabonde wala vilima, kadiri unavyokwenda pembeni. Kilima kinachoonekana kwenye pembe zote ni cha spika, na kichujio kitakiondoa. Kinachoonekana mbele tu na kutoweka kwenye nyuzi 15 hutokana na kingo za boksi; ukikisawazisha mbele, utachimba shimo pembeni.

Kuchagua masafa ya kugawia

Vitu vitatu vinakuchagulia eneo. Tuchukue mfano wa wufa ya inchi 6.5 na twita ya kuba ya inchi 1, zikiwa zimepishana sentimita 15 kati kwa kati.

Cha kwanza ni upana wa koni. Koni ya wufa hiyo ina kipenyo halisi cha sentimita 13 hivi. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi joto 20, na kama mita 349 kwenye joto la pwani la nyuzi 30, hivyo wimbi la sentimita 13 liko karibu na hezi 2,600. Ukikaribia hapo, wufa huanza kumulika mbele kama tochi na kusahau waliokaa pembeni. Gawa chini yake.

Cha pili ni uwezo wa twita. Angalia masafa ya mtetemo wake wa asili, kisha usigawe chini ya mara mbili yake. Ikiwa ni hezi 900, mpaka wako ni 1,800. Kila ukishuka oktavu moja, twita inalazimika kutembea mara nne zaidi ili kutoa sauti ileile, na hapo ndipo ukwaruzaji na kuungua huanzia.

Cha tatu ni umbali kati ya wufa na twita. Ukizidi urefu wa wimbi, sauti ya anayesimama na ya anayeketi hutofautiana sana. Wimbi la hezi 2,200 lina urefu wa sentimita 15.6.

Basi koni na twita zinatuachia nafasi kati ya 1,800 na 2,600, na kwa umbali wetu wa sentimita 15, 2,200 ni mahali pazuri pa kuanzia. Tazama kwamba hatujachagua kwa ladha. Koni, twita na rula ndivyo vilivyochagua.

Mteremko

Oktavu ni hatua ya masafa kuongezeka maradufu. Mteremko unaeleza kichujio kinakata desibeli ngapi kwa kila hatua hiyo. Kichujio kinachobeba jina la Mwingereza Stephen Butterworth, aliyeandika juu yake mwaka 1930, kikiwa cha desibeli 12 huziacha wufa na twita zikiwa desibeli 3 chini kwenye mgawo (masafa ya kugawia), huku mawimbi yao yakipingana. Ukiunga kawaida unapata shimo. Ukigeuza nyaya za twita unapata kilima cha desibeli 3.

Mwaka 1976 Siegfried Linkwitz, mhandisi wa Hewlett-Packard, alichapisha suluhisho alilolifikia pamoja na mwenzake Russ Riley. Katika aina ya desibeli 24, kila spika iko desibeli 6 chini kwenye mgawo na mawimbi ya zote mbili huenda pamoja kwenye masafa yote, hivyo jumla yake ni mstari ulionyooka. Kuitengeneza ni rahisi: panga vichujio viwili vya Butterworth vya desibeli 12, vyenye Q (kipimo cha ukali wa kona ya kichujio) ya 0.707, kimoja baada ya kingine kwenye masafa yaleyale. Anza na mteremko huo.

Hapa wengi huteleza. Mteremko unaohesabiwa ni ule unaotoka hewani, si ule ulioandikwa kwenye programu. Twita ina mteremko wake wa asili chini ya masafa yake ya mtetemo, na wufa ina vilima vyake juu. Kwa hiyo fanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza nyoosha kila spika kwa vichujio vidogo vya kusawazisha, hadi angalau oktavu moja kupita mgawo. Kisha weka kichujio cha Linkwitz-Riley juu yake. Pima tena, na ulinganishe na mchoro wa lengo ndani ya REW. Mistari miwili ikipishana kwa desibeli 1 au pungufu, endelea.

Kuchelewesha, na jaribio la kugeuza twita

Koili ya sauti ya wufa iko nyuma zaidi ya ile ya twita, kwa sababu koni ni ndefu. Tuseme tofauti ni sentimita 2.5. Hiyo ni mikrosekunde 73, na kwenye hezi 2,200 ni karibu nyuzi 58 za mzunguko wa wimbi. Ukiacha hivyo, mbele kabisa utapoteza kama desibeli 1 kwenye mgawo, na sauti iliyo kamili itaelekea chini, kwenye magoti ya msikilizaji. Dawa ni kuichelewesha twita. Kwa mwendo wa sampuli 48,000 kwa sekunde, sampuli moja ni milimita 7 za hewa, kwa hiyo unahitaji sampuli tatu na nusu. Tumia programu inayokubali vipande vya sampuli.

Namba kamili haipatikani kwa rula. Fanya hivi:

1. Weka maikrofoni mita 1 mbele, kimo cha masikio ya msikilizaji.
2. Ndani ya programu, geuza twita: chanya iwe hasi. Usiguse nyaya.
3. Cheza wufa na twita pamoja, upime. Kama mawimbi yanakwenda sawa, sasa yatafutana, na kwenye mgawo utaona shimo.
4. Badilisha ucheleweshaji kwa mikrosekunde 10 kila mara, upime, hadi shimo liwe na kina kikubwa kuliko vyote na pande zake mbili zifanane. Desibeli 20 au zaidi ni kazi nzuri.
5. Rudisha twita ilivyokuwa. Shimo litoweke, mstari unyooke.

Shimo likikataa kuzama, kuna mawili: kiwango cha wufa na twita hakilingani, au miteremko haifanani. Rudi hatua ya nyuma. Usijaribu kulilazimisha kwa ucheleweshaji peke yake.

Boksi, ukuta na chumba

Besi hulizunguka boksi, sauti za juu hazilizunguki. Gawanya 115 kwa upana wa boksi katika mita, utapata eneo la badiliko hilo: boksi la sentimita 20 hubadilika karibu na hezi 575. Chini ya hapo spika hupoteza hadi desibeli 6 mahali palipo wazi, na pungufu ya hapo ikiwa karibu na ukuta. Spika ya sebuleni mara nyingi hufurahia marekebisho ya desibeli 3 au 4. Yafanye kwa kushusha kilicho juu badala ya kupandisha besi, maana kila desibeli 3 za kupandisha hudai nguvu maradufu, na desibeli 10 hudai mara kumi. Kama lazima upandishe mahali popote, shusha kiwango cha jumla kwa kiasi hicho hicho, la sivyo mawimbi yatagonga kikomo cha dijitali na kukatwa.

Chumba ni suala jingine, na wakati wake ni baada ya spika kukamilika. Chumba cha urefu wa mita 4 kina mngurumo wake kwenye hezi 43. Kichujio chembamba kinaweza kuutuliza. Lakini shimo la besi linalosababishwa na ukuta halizibiki: unapopandisha, mwangwi unaolifuta nao unapanda. Sogeza spika au kiti. Vipimo vya chumbani vitumie chini ya hezi 200 au 300 tu. Juu ya hapo, ikiwa sakafu ni ya vigae na kuta ni tupu, zulia na mapazia mazito vitakusaidia kuliko namba yoyote.

IIR au FIR

Vichujio vyote nilivyoeleza ni vya aina ya IIR. Ni vyepesi, na Raspberry Pi huviendesha bila shida. Aina ya pili, FIR, inayochuja kwa orodha ndefu ya namba, inaweza kukata bila kuzungusha wimbi, lakini hudai muda. FIR ya namba 4,096 kwa mwendo wa 48,000 huchelewesha muziki wote kwa milisekunde 43. Ya namba 8,192 kwa 85, na hapo midomo ya watu kwenye televisheni inaanza kupishana na maneno. Tena FIR yenye mteremko mkali inaweza kutoa mlio hafifu kabla ya pigo lenyewe, hasa pembeni ambako wufa na twita hazijumlishwi kikamilifu. Ijaribu baadaye, ukiwa tayari na IIR nzuri ya kulinganisha nayo.

Kusikiliza kwa haki

Sikio huita sauti kubwa sauti nzuri. Kabla ya kulinganisha krosova mbili, zipime na uzisawazishe, zisipishane hata nusu desibeli. Kisha mwombe mtu mwingine abadilishe bila kukwambia, nawe uandike unachosikia. Badiliko usiloweza kulitambua kwa njia hiyo bado hujalithibitisha, hata kama lilikugharimu jioni nzima.

Chagua muziki unaougusa mgawo wako. Sikio la binadamu ni jepesi zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000, na twita yetu inapokea kazi hapo hapo. Mwimbaji wa taarabu akiwa na fidla na kanuni nyuma yake ni mtihani mkali: sauti yake isibadilike umbo inapopanda, na mguso wa kwanza wa kanuni usitengane na mlio wa nyuzi zake. Magitaa yanayojibizana na matarumbeta ya zilipendwa yatakuonyesha kama kuna kilima kinachochoma. Kisha cheza mazungumzo matupu yaliyorekodiwa vizuri. Sauti ya mtu unayemjua haidanganyi: herufi «s» zikiwa na makali au kifua kikizidi, utajua mara moja.

Kila toleo lihifadhi kwa jina na tarehe, na daftarini andika mstari mmoja: ulibadilisha nini, kwa nini, kipimo kilisemaje, sikio lilisemaje. Usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, hata ukiwa na hakika navyo.

Wapi pa kuishia

Acha pale badiliko linalofuata linaposhindwa kujidhihirisha katika jaribio la kutojua kinachocheza, huku vipimo vikibaki ndani ya desibeli 1 au 2 kutoka kwenye lengo. Unganisha tena krosova ya zamani, isawazishe kwa kiwango, ulinganishe. Kama yako imeshinda, jenga boksi la pili kwa namba zilezile, pima kila spika ya boksi hilo kivyake kwa sababu hakuna mbili zilizo sawa kabisa, na urekebishe viwango hadi kushoto na kulia vifanane. Kama haijashinda, daftari litakuambia urudi kwenye hatua ipi, na kurudi huko hakutakugharimu hata kapasita moja.